Kamba ya Ndama

Ilikuwa mwaka 2022, wakati wa kipupwe, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na mbaazi zikiwa bado mbichi shambani. Upepo wa Mlima Hanang ulikuwa ukishuka hadi kwetu Getanuwas kila kulipokucha, na hakuna aliyeliacha blanketi lake kabla jua halijapanda. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikwenda kumjulia hali wifi yangu Fausta, nikamkuta amefungwa kamba ya ndama.

Kamba yenyewe niliifahamu. Ilikuwa ya ngozi iliyosokotwa, na kazi yake ilikuwa kumzuia ndama asimkaribie mama yake wakati wa kukamua. Ncha moja ilikuwa kwenye nguzo ya nyumba. Ya pili ilikuwa kwenye kifundo cha mguu wa wifi yangu. Fausta alikuwa ameketi mgongo wima, akilitazama zizi kana kwamba ni yeye aliyeamua kukaa pale.

"Nani amefanya hivi?" nilimwuliza Marieta, mkaza mwana wake, aliyekuwa akipepeta mahindi karibu na mlango.

Marieta hakuinua macho. "Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

"Baba Julius," alisema, yaani mume wake, Gidabuday, mwana wa Fausta mwenyewe.

Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu. Nililetwa Getanuwas kufundisha shule ya msingi nikiwa msichana, nikaolewa na kaka yake Fausta, Mdatoga wa hapa hapa, naye alipofariki sikuona sababu ya kurudi milimani. Gidabuday nilimfundisha darasa la tatu. Hesabu alizijua, subira hakuijua.

Ugonjwa wa wifi yangu haukuwa siri. Ulianza kwa chungu kilichosahauliwa motoni, ukaendelea kwa majina ya wajukuu, kisha Kiswahili chote kikamtoka, akabakiwa na Kidatoga cha usichana wake. Hayo tuliyabeba bila kelele. Lakini tangu masika yalipokwisha, kulikuwa na jambo jipya. Alikuwa akimpiga kila aliyemwosha. Alikuwa akirusha bakuli la chakula. Jua la mchana likiwa kali, alikuwa akitoka na kwenda mbio nyikani kama mtu aliyepotelewa na kundi zima la ng'ombe. Marieta alikuwa na alama juu ya nyusi, na hakuipata kwa kujikwaa.

Gidabuday alitoka zizini akijifuta mikono.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Sitaitikia mpaka uifungue kamba hii."

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Katika maisha yake yote hakuna mtu mzima aliyewahi kuiacha shikamoo yake ikining'inia hewani.

"Nikiifungua ataondoka," alisema. "Juzi tumemkuta karibu na ziwa la chumvi. Fisi wa kule hawamwulizi mtu kama ana kumbukumbu au hana."

"Basi mlinde kwa macho."

"Macho ya nani? Mimi nina ng'ombe. Mke wangu ana watoto, na usoni ana kidonda. Mama yangu hayupo tena, Mama Mwalimu. Huyu ni kichaa aliyejifunika shuka la mama yangu."

"Mama yako ni mgonjwa wa kusahau, na tunajua tangu lini. Kupiga kumeanza juzi. Jambo lililoanza juzi lina sababu ya juzi."

"Sababu ni kichwa. Siku ya mnada nitauza mbuzi nimpeleke kwa mganga mmoja upande wa Singida. Wanawatuliza huko."

"Kwa minyororo."

"Wanatulia."

"Hata maiti hutulia, Gidabuday."

Nilipiga magoti, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi, nikaifungua kamba kwa mikono yangu. Angeweza kunizuia. Hakuthubutu. Niliivingirisha na kuitia kikapuni.

"Hiyo ni mali ya zizi langu," alisema.

"Utaidai mbele ya akina mama."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, kwa maana alijua nilichokuwa nakisema.

Watu wa mume wangu wana desturi ambayo sikuikuta katika kitabu chochote nilichosomeshwa. Mwanamume akimdhalilisha mama, wanawake wa nyumba zote huacha vibuyu vyao na kukutana mahali ambapo wanaume hawakanyagi. Mkosaji husimama mbali na kujibu akiulizwa. Wakiamua, wameamua, hata wazee wa kiume hawatengui. Nimeona mabaraza mengi ya serikali, na sijaona hata moja linaloogopwa kama lile.

Tulikutana siku ya pili yake nyuma ya boma la Mama Bura, mkubwa wetu kwa umri na kwa ulimi. Niliitoa kamba kikapuni, nikaiweka chini katikati yetu. Sikuhitaji kueleza. Kila mwanamke pale alikuwa amekamua tangu utotoni, na kila mmoja aliijua kazi ya kamba ile.

"Ulimfunga?" Mama Bura aliuliza, akipaza sauti imfikie Gidabuday alikosimama.

"Nilimlinda."

"Sikukuuliza hilo."

"Nilimfunga."

"Aliyemfunga mama yake kwa kamba ya ndama atatoa fahali mweusi asiye na doa."

"Sitoi," alisema Gidabuday. "Kaeni naye wiki moja tu, ninyi nyote. Mtakuja kwangu kuazima kamba nene zaidi."

Baadhi ya wanawake walijifunika vinywa kwa shuka ili wasionekane wakicheka. Mama Bura hakucheka.

"Mama Mwalimu anasema ana sababu," Gidabuday aliendelea. "Basi aionyeshe. Kama kuna kitu kinachomwuma mama yangu, nitamleta fahali mwenyewe bila kuitwa. Kama hakuna, siku ya mnada naondoka naye, na mtu asinizuie njiani."

"Fahali ni wetu hata sasa hivi," alisema Mama Bura. "Ila safari yako tunaisimamisha mpaka mnada. Na wewe, Mwalimu, maneno unayo mengi tangu ulipoletwa hapa. Tutaona kama na jicho unalo."

Nilimjibu kwamba jicho ninalo, na kwamba lingeonekana.

Mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa Philomena, muuguzi wa zahanati, binti wa milimani kama mimi, ambaye huwazungukia wazee wa kata kwa pikipiki. Alikuja na karatasi, akaketi nami juu ya gogo nje ya nyumba ya Gidabuday.

"Bibi," alisema, "mgonjwa wa namna hii hufika mahali asipoweza kusema, hapa pananiuma. Ukimwuliza, swali linapotea kabla jibu halijafika. Kwa hiyo hatumwulizi. Tunausoma mwili."

"Tunausomaje?"

"Kwa mambo matano. Pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anatulia akibembelezwa. Kila jambo linapewa sifuri, moja au mbili. Unamtazama akiwa amepumzika, kisha unamtazama anapohudumiwa, unalinganisha."

Nilipenda utaratibu ule. Ulikuwa na mistari iliyonyooka, na ulimtaka mtu aandike alichokiona badala ya alichokidhania. Marieta alileta maji ya uvuguvugu akaanza kumwosha mama mkwe wake, nasi tukatazama. Pumzi ya Fausta ilikuwa tulivu. Hakuguna. Uso haukukunjamana hata kidogo. Marieta alipofika shavuni, Fausta aliusukuma mkono wake kwa kofi moja zito, kisha akarudi kulitazama zizi kama malkia aliyekwisha kutoa amri.

Tulijumlisha. Mbali na lile kofi, karatasi nzima ilikuwa sifuri.

Gidabuday alikuwa ameegemea ua. "Shikamoo, Mama Mwalimu," alisema, akijua sitaitikia. "Naona karatasi yenyewe imesema. Hana maumivu, ana mkono mwepesi tu."

"Karatasi haijamaliza kusema," nilimjibu.

"Mnada nao hauko mbali."

Alipoondoka, Philomena aliendelea kuitazama ile safu ya sifuri, akigonga kalamu kwenye goti.

"Inanitia shaka," alisema. "Mtu mwenye umri huu, asikunje uso hata kwa baridi ya maji? Karatasi hii wameitengeneza kwa ajili ya watu wanaokunja uso, bibi."

Nilimtazama wifi yangu. Kuzunguka macho yake kuna chale za duara, zile wanazokatwa wasichana wa Kidatoga, mduara ndani ya mduara. Alikatwa mchana, watu wakimtazama kuona kama atapepesa. Hakupepesa. Uso ule ulisomeshwa kunyamaza kabla mimi sijasomeshwa herufi, na sasa sisi wawili tulikuwa tumekaa juu ya gogo tukiuuliza habari za maumivu.

"Uso huu hautakuambia," nilisema. "Ulifundishwa usiseme, na somo hilo hakulisahau pamoja na mengine."

"Sauti je?"

"Kwao anayelia wakati wa uzazi huaibisha ukoo."

Philomena aliweka kalamu chini. "Basi zamani, alipokuwa akiumwa, wewe ulijuaje?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe, na jibu lilikuja nalo. Gidabuday alipozaliwa, nilikuwa nimeushikilia mgongo wa Fausta tangu jogoo hadi adhuhuri. Hakutoa sauti. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya bangili ya shaba iliyo katika mkono wa kushoto, akiizungusha, akiizungusha, mpaka ngozi ikawa nyekundu chini yake. Uchungu ulipolegea, mkono nao ulisimama.

Nilimweleza. Philomena alinipa kalamu.

"Andika hapo chini, mstari wa sita. Karatasi hii ni ya watu wote, bibi. Inahitaji mtu mmoja anayemjua huyu."

Niliandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Kuzungusha bangili.*

Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika kwa Gidabuday kila asubuhi na kiti changu, na kuondoka jua likiinama. Nilimwambia Marieta nini cha kutazama, tukawa macho manne. Fausta akiota jua, bangili ilikuwa imelala. Akioshwa miguu, imelala. Akinywa maziwa ya baridi, mkono wa kulia ulikwenda kwenye shaba kabla hajameza. Akitafuna ugali, shaba ilizunguka polepole, kisha haraka, kisha bakuli likaruka. Akilala upande wa kushoto, usingizi. Akigeuzwa upande wa kulia, bangili.

Gidabuday alikuwa akipita akitusalimu kwa heshima zote za mdomoni. "Shikamoo, Mama Mwalimu. Wanafunzi wangapi leo?" Nami nilikuwa nikiendelea kuandika.

Siku moja Marieta aliacha kuosha, bakuli la maji likiwa mkononi.

"Mama Mwalimu, bangili huanza kwanza."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kofi. Kila mara. Yeye hanipigi mimi kwa hasira. Anazungusha, anazungusha, mimi nisielewe, ndipo ananipiga." Aliigusa alama iliyo juu ya nyusi. "Alikuwa akiniambia."

"Na mbio za mchana?"

Alifikiri. "Baada ya kula. Sikuzote baada ya kula."

Hakuwa akitafuta ng'ombe wowote. Alikuwa akiyakimbia maumivu ya kula, akajikuta amekwenda nayo kinywani.

Kinywani, basi. Lakini nani angekifungua? Nilijaribu, nikaumwa kidole. Marieta akacheka kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kianze, akaniomba msamaha, kisha akaketi chini mbele ya mama mkwe wake na kuanza kuimba ule wimbo wanaomwimbia ng'ombe ili aachie maziwa. Fausta hakujua Marieta ni nani. Hakujua ni mwezi gani. Lakini wimbo ule aliujua, na alipofika mahali pa kuitikia, aliitikia kwa kinywa kipana, nami nikamulika kwa tochi ya simu.

Meno yetu sote tuliolelewa kwa maji ya upande huu ni ya kahawia, na mtu halioni jino bovu kwa rangi. Lakini ufizi wa nyuma, upande wa kulia, ulikuwa umevimba mwekundu kama nyanya, na chini yake palikuwa na usaha.

Nilimwita Gidabuday aje atazame. Alikataa kukaribia. "Jino," alisema. "Mnataka kuniambia jino linampeleka mtu ziwani?"

"Nataka kukuambia uite gari la Noah. Kesho tunakwenda Katesh, nawe utakuja, kwa maana mimi sina nguvu za kumshika."

Alikuja. Sijui kama ni kwa ajili ya mama yake au kwa kuwa akina mama walikuwa wamesimama njiani wakitazama kama atakuja.

Hospitalini, katika chumba tulichopelekwa kwanza, kijana aliyetupokea alimtazama Fausta kwa muda wa kufumba jicho.

"Ni uzee, bibi. Wanasumbua wakifika umri huu. Nitamwandikia dawa ya kumlaza."

Nilizitandaza karatasi zangu mezani pake, moja baada ya nyingine, mpaka meza ikaisha.

"Hapa amekula, hapa ameoshwa, hapa amelala," nilisema. "Mstari wa sita ni wangu, utanisamehe. Kifungue kinywa chake, kisha uniambie habari za kumlaza."

"Bibi, foleni ni ndefu."

"Nami sina haraka. Nitakaa hapa hapa mpaka foleni iishe, na kesho nitakuja tena."

Alizisoma. Nampa haki yake: alipozisoma, alizisoma zote, kisha akainuka mwenyewe na kututangulia hadi kwa mtaalamu wa meno.

Gego lilipaswa kung'olewa. Gidabuday alimkalisha mama yake mapajani, akamzunguka kwa mikono yake miwili, na viganja vyake vikawa juu ya viganja vya mama. Sindano ya ganzi ilipoingia katika ule uvimbe, uso wa Fausta ulibaki kama ulivyokuwa siku zote. Lakini nilimwona Gidabuday akishtuka. Aliinamisha kichwa kutazama kilichokuwa kikitembea chini ya mkono wake. Shaba ilikuwa ikizunguka kiganjani pake, kwa nguvu, huku na huku, na hakuna aliyekuwa akilia wala kuguna.

Aliushika mkono ule, akaanza kuizungusha bangili pamoja naye.

Njiani kurudi alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha mama yake kikiwa begani kwake. Tulipokuwa tunapita Balangdalalu aliniuliza, bila kunitazama, "Nilipozaliwa alifanya hivyo?"

"Tangu jogoo hadi adhuhuri."

Dawa za uvimbe zilipokwisha, kofi lilikwisha pia. Bakuli lilibaki mezani. Nisieleweke vibaya: kumbukumbu hazikurudi, na hazitarudi. Fausta humwita Marieta kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na mwanawe humdhani mchungaji wa kuajiriwa, mvivu kidogo. Lango limefungwa kengele ya mbuzi ili akitoka tusikie. Karatasi tunaendelea kuijaza, na Marieta ndiye anayeijaza. Lakini alilala pande zote mbili, na hakuna kamba iliyomgusa tena.

Siku ya mnada ilifika. Wanaume walipita alfajiri na mifugo yao kuelekea Katesh, nasi wanawake tukakutana nyuma ya boma la Mama Bura. Fausta tulimketisha katikati. Baadhi walisema Gidabuday atapita na wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Mama Bura alisema tungoje, na akaongeza kwamba asipokuja, yeye mwenyewe atamfuata mnadani mbele ya wanunuzi.

Alikuja. Fahali alikuwa mweusi, mnene, wa zizi lake mwenyewe, yule aliyekuwa akijivunia mbele ya watu. Alimwongoza mpaka mahali mwanamume anaporuhusiwa kufika, akasimama.

Mama Bura alimzunguka mnyama yule taratibu, akiinua mkia, akiinama kutazama tumbo.

"Naona unywele mweupe hapa."

"Ni vumbi, mama."

"Futa."

Alifuta. Lilikuwa vumbi. Wanawake walicheka, safari hii bila kujifunika.

Fausta alimkazia macho yule fahali, macho ya mtu aliyewahi kuwa na ng'ombe wengi. "Ng'ombe huyu wa nani?" aliuliza kwa Kidatoga.

"Wako, mama," alijibu Gidabuday.

"Amechelewa."

"Ndiyo, mama. Amechelewa."

Alimkabidhi Mama Bura kamba ya fahali, kisha akageuka kwangu. Alikuwa amenisalimu kila siku tangu asubuhi ile, na kila siku aliondoka mikono mitupu. Alisema tena, polepole, kama mtoto wa darasa la tatu asiye na uhakika na jibu lake.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

Niliingiza mkono kikapuni, nikaitoa ile kamba ya ngozi iliyosokotwa, nikaiweka mkononi mwake.

"Marahaba," nilisema. "Kamfunge ndama."